Grili ya gesi iliyotupwa: kagua tumbo kabla hujatoa hela

Wadau, hili swali nimeulizwa mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika lote. Mtu anapita kwa wauza chuma chakavu kule Nyakato, hapa Mwanza, au kuna lodge inafanya ukarabati na vitu vya zamani vinatolewa nje, au mgeni aliyekuwa anafanya kazi migodini upande wa Geita anarudi kwao na anaacha vyombo, basi anakuta grili ya gesi, ile kubwa ya miguu minne yenye mfuniko na vinobu mbele, imekaa mvuani mwaka mzima, nyeusi tii, na bei yake ni ya kuondoa uchafu uwanjani. Anapiga picha ananitumia, "kaka, nichukue?" Picha huwa hainisaidii hata kidogo, kwa sababu inaonyesha mfuniko, na mfuniko ndo kitu cha mwisho kabisa kukiangalia.

Mimi nachoma samaki na mishikaki wikiendi huku Pasiansi, na grili ninayotumia mpaka leo ilitoka kwenye rundo la vyuma. Lakini hiyo ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa na mfuniko wa stenlesi unang'aa, nikaipenda palepale, nikatoa elfu themanini na hela ya kirikuu juu yake, nikafika nyumbani nikaigeuza na tumbo lote, yaani boksi la chini, lilikuwa limeliwa, ukipitisha kidole kutu inabanduka kama maganda ya kitunguu. Ikarudi kwenye mizani, ikauzwa kwa kilo. Hii ya pili ilikuwa mbaya wa sura, rangi imebabuka, gurudumu moja halipo, meza ya pembeni imevunjika, ila tumbo lake lilikuwa zima na bana zake, zile bomba zinazotoa moto, zilikuwa nzima, na hiyo ndo inayonilisha.

Kwa hiyo kabla ya kwenda beba vitu vichache tu: sumaku (hata ile ya spika mbovu), bisibisi bapa, brashi ya waya, glovu, na simu yenye tochi. Dakika ishirini zinatosha. Muuzaji atakuharakisha, hiyo ni kawaida, mimi huwa inakwenda hivi:

"Kaka, hii ni nzima kabisa, ilikuwa ya mzungu."

"Sawa mdogo wangu, ngoja tuigeuze kwanza."

"Ya nini kuigeuza tena kaka, si unaiona hii hapa?"

"Nishikie huku, tuilaze taratibu."

Ukiona mtu anagoma kabisa usiilaze, ondoka. Zitakuja nyingine.

Kitu cha kwanza, kabla hata ya kutu, tafuta kile kibati kidogo cha maandishi, mara nyingi kipo nyuma ya grili au ndani ya mlango wa chini. Hapo imeandikwa inatumia gesi gani. Ukikuta LP, LPG au propane, hiyo ni ya gesi ya mtungi, endelea. Ukikuta natural gas au NG, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya gesi asilia ya kwenye bomba, kama ile inayotoka Songo Songo na Mtwara, ambayo huku Mwanza hatuna kwenye nyumba zetu. Tofauti yake sio ya jina tu. Kwa ujazo uleule gesi ya mtungi inabeba joto karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia, kwa hiyo jeti (vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu vinavyopima gesi inayoingia kwenye bana) za grili ya gesi asilia zina tundu kubwa zaidi, na ukiifunga kwenye mtungi moto utapanda mpaka usoni. Inabadilishika kama utapata jeti za saizi yake, lakini kwa hapa kwetu kupata jeti sahihi za grili ya kizamani ni kazi, na mimi huwa naiacha. Kibati kikiwa hakipo kabisa, uwe mgumu kwenye vitu vingine vyote nitakavyosema.

Sasa tumbo. Tumbo namaanisha lile boksi la chini ambalo bana zinakaa ndani yake, na ndilo linalobeba moto, mafuta na uzito wote. Kuna aina kuu mbili. Kuna la alminiamu nene ya kumiminwa, zito kiasi, sumaku haishiki, na hili halipati kutu kabisa, likipata shida basi ni ufa au sehemu iliyoyeyuka kwa sababu mafuta yaliwahi kuwaka humo ndani (alminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na mafuta ya nyama yakishika moto na kuachiwa muda mrefu boksi halivumilii). Pitisha tochi kwenye kona zote na kwenye matundu ya boliti, ndo ufa unapoanzia. Likiwa halina ufa umepata mwili utakaodumu kuliko wewe unavyodhani. Aina ya pili ni la bati la chuma, lililopakwa rangi au enameli. Hapa chukua bisibisi, usione huruma, sukuma kwa nguvu kwenye kona za chini, kuzunguka tundu la kudondoshea mafuta na pale miguu inapofungwa. Bisibisi ikizama au bati likibonyea kama karatasi, imekwisha. Kutu ya juujuu ambayo ukiipiga brashi inaonekana chuma kigumu cheusi chini yake haina shida.

Watu wanaliogopa ziwa bure. Maji ya Victoria sio ya chumvi, kwa hiyo grili iliyozeekea hapa Mwanza, hata kama ilikuwa inatazama ziwa kila siku, huwa imeliwa na mvua na mafuta yaliyoganda, basi. Zinazonitisha ni zile zilizoletwa kutoka Dar, Tanga au Zanzibar, upepo wa bahari unaingia kwenye nyuzi za boliti na ndani ya mabomba, nje unaona safi ndani kumeoza. Muulize muuzaji ilikaa wapi kabla ya kufika huku.

Halafu kuna kosa moja linalofanya grili nzima kabisa zitupwe. Ukifungua mfuniko utaona kwa ndani kuna magamba meusi yananing'inia, makavu, yanadondoka ukigusa. Watu wanasema rangi inabanduka, hiyo sumu, itaangukia kwenye chakula. Mara nyingi sio rangi. Ni mafuta na moshi wa miaka mingi uliokauka ukawa kaboni, yaani masizi tu. Nilikaa nayo ile ya kwangu nikaikwangua kwa kipande cha mbao ngumu, likatoka gamba moja ukubwa wa kiganja, nikaligeuza upande wa pili, limechukua alama ya mfuniko vizuri kabisa, na chini yake chuma kilikuwa safi cha kijivu hakina hata doa. Nusu saa ya kukwangua, kuosha na sabuni na maji moto, kazi imeisha. Muuzaji ambaye hajui hilo anakushushia bei, wewe chukua.

Haya, bana. Hizi ni zile bomba ndefu zenye matundu madogo ambako moto unatokea, na hapa ndipo ninapofanyia uamuzi. Toa nyavu, toa vile vibati vya kufunika moto, uzione bana zenyewe. Zitoe kabisa kama boliti zinakubali. Angalia matundu mojamoja. Tundu likiwa limeziba sio tatizo, linazibuliwa. Tundu ambalo limelika mpaka limeungana na jirani yake likawa mpasuko, hiyo bana haifai, kwa sababu gesi itatoka nyingi sehemu moja na moto utakuwa unaruka, sehemu nyingine haupo. Ishike mkononi, igongegonge kwenye kiatu, ikimwaga vipande vya kutu nyingi ujue ndani imekonda. Bana za stenlesi na za chuma kizito cha kumiminwa zinadumu, za bomba jembamba la chuma cha kawaida ukikuta zimekaa mvuani usipoteze muda.

Afu geuza upande ule mwingine, mdomo wa bana unaokaa kwenye jeti, piga tochi ndani. Hapo ndipo nyigu wa udongo na buibui wanapopenda kujenga, na kwetu huku kuna wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi, wanajaa kila tundu na wakifa wanaganda humo. Hili sio jambo dogo. Kuna siku niliwasha ya kwangu baada ya kuiacha wiki nyingi, bana ya kushoto ikawaka vizuri, ya katikati ikawaka kidogo, mara nikaona joto linanijia kwenye vidole, kuangalia chini moto upo nyuma ya vinobu, unalamba mpira wa gesi. Nikafunga mtungi haraka ikazima. Kutoa ile bana, ndani kulikuwa na udongo wa nyigu umekaa kama kizibo, gesi ilikosa pa kupita ikarudi nyuma ikawakia nje. Tangu siku hiyo kila nikiiacha zaidi ya wiki mbili napitisha brashi ndefu ya chupa kwenye kila bana. Grili iliyokaa kwenye rundo mwaka mzima, ichukulie ina kiota mpaka uhakikishe haina.

Swali la bana ni hili: mbovu ni ngapi na utazipata wapi. Moja kati ya tatu, unaweza ukaishi na mbili. Zote mbovu na hakuna anayekuuzia zinazoingia, basi umenunua kabati. Kuna mafundi watakuambia "lete bomba nitoboe", na wengine wana mkono mzuri kwa kweli, lakini tundu likizidi ukubwa au likipishana nafasi, bana haivuti hewa inavyotakiwa na moto unatoka wa njano wenye masizi. Kibati cha kufunika bana ndo kitu cha kumpelekea fundi, hicho ni bati la kukunja tu kama paa la nyumba, nenda kwa wale wanaotengeneza kaunta za chipsi na majiko ya mahoteli, huwa wana vipande vya stenlesi vilivyobaki. Ila usikubali akupige kwa bati la gavanaizi. Ile zinki ikipata joto kali inatoa moshi unaoumiza kifua, na kwenye wavu ndo mbaya kabisa maana sisi sato tunamkamulia limao, limao linaivua zinki inaingia kwenye samaki.

Grili nyingine za zamani hazina vibati, zina mawe mepesi ya volkano juu ya bana. Mawe yakiwa yamepungua usije ukaenda kuokota ya ufukweni ukajaza. Naelewa, Mwanza ni mji wa mawe, yapo kila kona. Lakini jiwe lililokaa majini au mvuani lina maji ndani, likipata moto maji yanageuka mvuke na jiwe linapasuka, vipande vinaruka. Bora utumie bati la stenlesi.

Vinobu na valvu nimalizie haraka. Zungusha kila kinobu, kinatakiwa kibonyee, kizunguke laini na kirudi. Kikigoma usikilazimishe kwa praizi, na usipake grisi ya gari, sio kazi yake. Valvu moja mbovu kwenye bomba la pamoja, lile linalogawa gesi kwa bana zote, mara nyingi inamaanisha ubadilishe bomba zima na valvu zake, na hapo hesabu inakataa. Vile vijeti vya shaba usichokonoe na msumari wala sindano nene, ukipanua tundu umeharibu kipimo. Mpira wa gesi na regulata usihangaike kuvikagua, vya zamani vyote tupa, nunua vipya, hata kama vinaonekana vizima. Gurudumu, meza za pembeni, kitufe cha cheche, kipimajoto cha mfuniko, hivyo visikutishe, cheche utatumia kiberiti kirefu.

Kuhusu mtungi. Grili nyingi za Marekani zinakuja na kiungio kikubwa cha plastiki cha mtungi wao wa ratili 20, kama kilo 9, ambacho hakiingii kwenye mitungi yetu. Usibebe na mtungi wa kigeni, hautabadilishiwa popote. Kata hiyo habari, weka mpira mpya na regulata inayoendana na mtungi wako. Presha ya grili hizo ni inchi 11 za maji, karibu milibar 28, kwa hiyo regulata ya jiko la kawaida la nyumbani yenye maandishi ya milibar 28 au 30 inafaa, ile ya presha kubwa ya majiko ya mama ntilie haifai. Na tafadhali mtu asikuambie uunge grili moja kwa moja kwenye mtungi mdogo bila regulata eti moto utakuwa mkali.

Na hesabu ya gesi uifanye kabla ya kununua, wengi wanasahau. Bana moja ya kawaida imeandikwa kama BTU 12,000 (kipimo cha joto inalotoa kwa saa), ikifunguliwa yote inakula takriban robo kilo ya gesi kwa saa. Bana tatu ni robo tatu ya kilo, maana yake mtungi wa kilo 15 unakupa saa kama ishirini na wa kilo 6 saa nane, na huu mdogo ukivutwa na bana tatu kwa pamoja unapoa mpaka unatoa jasho na moto unanywea. Kama unachoma kila siku kwa biashara weka hilo kwenye bei ya samaki. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi nafurahia kuacha mkaa, lakini grili ya bana sita kwa familia ya watu wanne ni mzigo.

Ukishajua nini kibovu, kaa chini andika: bei ya grili, usafiri, mpira, regulata, klampu, bana zinazohitajika, fundi. Mimi kipimo changu ni kwamba jumla ikizidi nusu ya bei ya grili mpya ya saizi hiyo, naiacha, isipokuwa tumbo likiwa la alminiamu nene, hapo nasogea kidogo. Na ikishindikana kama grili bado nyavu zake nzito ni mali, ziweke juu ya jiko lako la mkaa. Ila usijaze mkaa ndani ya tumbo la alminiamu ukafanya jiko, mkaa unaopulizwa unafika joto la kuliyeyusha.

Ukiichukua, safisha kwa sabuni, maji moto na brashi. Hapa kuna kitu kimoja, kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni inakata mafuta kweli, lakini kwenye alminiamu inakula chuma chenyewe, inachemka na kutoa gesi inayowaka. Usiiweke. Rangi ya joto, ile wanayopaka ekzosi za magari, paka nje tu, ndani usipake kitu.

Siku ya kuwasha iweke nje kabisa, mbali na ukuta na mbali na mtaro, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa kwenye shimo. Funga vinobu vyote, fungua mtungi, changanya sabuni na maji paka kwenye kila kiungo na mpira wote. Povu likitoka funga, kaza, rudia. Usijaribu kutafuta kwa kiberiti. Ukiwasha, mfuniko uwe wazi, na isipowaka ndani ya sekunde chache funga, subiri dakika tano ndo ujaribu tena. Moto unatakiwa uwe wa bluu, ncha zikiwa na njano kidogo sio mbaya. Ukiwa wa njano mwingi, kwenye mdomo wa bana kuna kibati cha hewa, kilegeze ukifungue kidogokidogo, maana Mwanza tupo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na grili iliyosetiwa Dar huku inaomba hewa zaidi.

Iache iwake tupu nusu saa, itatoa moshi na harufu, ndo mafuta ya zamani yanaondoka. Wavu piga brashi ukiwa wa moto, afu ufute na kitambaa kilicholoa maana waya za brashi zinabaki na zinaweza kuingia kwenye nyama. Sato wa kwanza mkaushe vizuri, mpake mafuta yeye mwenyewe, wavu uwe wa moto kweli kabla hujamweka, na usimguse mpaka ngozi ijiachie yenyewe.